Mpinzani akifungua kwa kopa 3: hesabu kopa zako kwanza

Katika bridge, mchezo wa karata wa watu wanne wawili wawili, aliye kulia kwako ndiye mgawaji, naye anaanza mnada kwa kopa 3, yaani anaahidi kula mara 9 kopa zikiwa turufu. Ulikuwa umejiandaa kufungua taratibu kwa shupaza 1, kumbe njia imeshazibwa. Ndiyo kazi ya dau hilo: kwa kawaida ana kopa 7 na pointi chini ya 10 (ree ni 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1). Nguvu hana, ila amekunyang'anya nafasi ya kuzungumza na mwenzi wako.

(Majina ya karata nayaacha kama tulivyoachiwa na Wareno: kopa, uru, pau, shupaza.)

Hatua ya 1. Hesabu kopa ulizonazo kabla ya kugusa pointi. Wanafunzi wangu karibu wote huanzia kwenye pointi, na hapo ndipo wanapopotea. Ukiwa na kopa moja au huna kabisa, jikaze useme. Ukiwa nazo 3 au zaidi, uwe na sababu nzito.

Hatua ya 2. Mkopeshe mwenzi pointi 7, yaani chukulia kwamba anazo. Pakiti ina pointi 40. Mfunguaji akiwa na 7 na wewe 13, zimebaki 20 kwa watu wawili, kwa hiyo hujaota. Ila mwenzi naye akumbuke: ukishazinadi pointi zake, asizinadi tena.

Hatua ya 3. Chagua. Tazama mikono mitatu.

Shupaza mfalme, ghulamu, 9, 4. Kopa 5. Uru ree, malkia, 8, 3. Pau mfalme, 10, 6, 2. Pointi 13 tu, lakini ni dabo (kauli ya kuongeza maradufu alama za dau la mpinzani) bila kusita. Dabo hii ni ya kumwuliza mwenzi aina yake, na yoyote atakayotaja unaipokea.

Shupaza ree, mfalme, ghulamu, 9, 7, 4. Kopa 8, 3. Uru ree, 6, 2. Pau 9, 5. Hapa taja shupaza 3.

Shupaza ree, 3. Kopa mfalme, 8. Uru ree, mfalme, malkia, ghulamu, 7, 4. Pau 9, 6, 2. Wengi hutaja uru 4. Mimi nasema 3 bila turufu. Wa kushoto ndiye atakayeanza kucheza, kwa hiyo akija na kopa, mfalme wako amepona. Uru zikitembea unakula mara 6, ongeza ree na mfalme, umefika 8. Mwenzi akuletee moja tu, ya 9.

Maswali

Shikamoo mwalimu. Nikiruka hadi shupaza 4, si nami nitakuwa nimemzibia?
Marahaba. Hapana. Juu ya dau la kuziba hatuzibi. Kuruka huko kunaonyesha mkono wenye nguvu na shupaza ndefu.

Nina pointi 15 na kopa ree, malkia, 10, 9. Nimwadhibu kwa dabo?
Mwenzi ataielewa kuwa ni ya kuuliza, ataikimbilia shupaza. Sema pasi, tena kwa mwendo wako wa kawaida, maana ukisita, mwenzi haruhusiwi kunufaika na kusita kwako. Yeye akiwa na kopa chache, huenda akapiga dabo mwenyewe mnada ukimfikia. Hapo unasema pasi tena, na adhabu umeipata.

Je, kopa 3, pasi, pasi, na zamu ni yangu?
Azima mfalme mmoja kwa mwenzi, yaani jihesabie pointi 3 zaidi. Ukiwa na kopa moja, pointi 10 au 11 zinatosha kwa dabo.