Somo: Kuchachusha nafaka ya kuku wa nyumbani

Kuchachusha nafaka ni kazi ya maji, muda na pua. Hamira haihitajiki, wala siki, wala sukari. Bakteria wa asidi laktiki wamo tayari kwenye ganda la punje. Ukizamisha nafaka majini wanaanza kula sukari iliyomo na kutoa asidi. pH (kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu umezidi) ikishuka chini ya 4.5, vijidudu hatari kama Salmonella hushindwa kustawi. Kuna faida nyingine isiyoonekana kwa macho. Sehemu kubwa ya fosforasi ya nafaka imefungwa ndani ya fitati, yaani umbo ambalo punje huhifadhia fosforasi yake, na tumbo la kuku haliwezi kuivunja vizuri. Uchachushaji huivunja, na madini yaliyokuwa yakipita bure hadi kwenye kinyesi yanamfaa kuku.

Hatua ya kwanza: kuchagua nafaka. Mahindi, mtama, ngano, shayiri, uwele, zote zinachachuka. Hapa ndipo ninapowaomba muwe wakali kuliko pengine popote. Nafaka yenye ukungu usiiguse. Sumukuvu haiondoki kwa kuloweka wala kwa asidi ya ndoo, kwa hiyo mahindi mabaya yataingia mabaya na kutoka mabaya, yakinukia vizuri tu. Mbegu za kupanda zilizotiwa dawa nazo ni sumu, hata ukizisuuza mara kumi. Maharage mabichi yaacheni nje kabisa. Sumu yake hutolewa kwa kuchemsha mpaka yaive.

Hatua ya pili: kuloweka. Tumia ndoo ya plastiki ya chakula au chombo cha kioo. Debe la bati lisitumike, kwa sababu asidi hula zinki iliyopakwa kwenye bati, na zinki ikizidi humdhuru kuku. Suuza nafaka kuondoa vumbi, jaza nusu ya ndoo tu maana punje zitavimba, kisha weka maji yapande kama vidole vinne juu yake. Maji ya bomba yenye harufu ya klorini yaache kwanza kwenye chombo kilicho wazi kwa saa 24. Funika kwa kitambaa au kifuniko kilicholegea. Ukikaza kifuniko, gesi haina pa kutokea.

Hatua ya tatu: kukoroga asubuhi na jioni, na kuhakikisha nafaka imezama. Punje inayokaa juu ya maji ndiyo inayoota ukungu. Siku ya pili utaona mapovu na maji yamekuwa meupemeupe. Penye joto la nyuzi 25 hadi 30, siku mbili au tatu zinatosha. Penye baridi subiri nne au tano.

Hatua ya nne: kunusa. Harufu sahihi ni ya uchachu safi, kama maziwa mgando. Ikinuka uvundo, au ukiona manyoya ya kijani, meusi au ya waridi, mwaga yote mbali na kuku. Usikwangue juu ukabakiza chini.

Hatua ya tano: kuchuja na kulisha. Bakiza kikombe kimoja cha maji yake kwa ndoo inayofuata. Itachachuka upesi zaidi. Wape kiasi wanachomaliza kwa nusu saa hivi, kisha ondoa mabaki na osha chombo, maana chakula kibichi kikilala juani huharibika na kuita nzi. Punje nzima husagwa kwenye firigisi, kwa hiyo kuku waliofungiwa bandani wawekewe changarawe.

Sasa kiasi. Nilipoanza, nilifurahi mno kuona kuku wanavyoikimbilia ndoo, nikawapa mahindi yaliyochachuka karibu peke yake kwa wiki kadhaa. Mayai yakapungua, na maganda yakawa membamba ya kuvunjika mkononi. Kosa lilikuwa langu. Kuku wa mayai anahitaji protini ya asilimia 16 hadi 18 na kalisi (kalsiamu, madini ya kujenga maganda) ya asilimia 3.5 hadi 4, wakati mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9 na kalisi kiduchu mno. Uchachu hauongezi kalisi isiyokuwapo. Siku hizi nafaka tupu naiweka kama sehemu moja kati ya kumi ya mlo wao, na kilichobaki ni chakula kamili, yaani kile kilichochanganywa kikiwa na protini na kalisi ya kutosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nimekuta utando mweupe laini juu ya maji. Nimwage?
Jibu: Kama ni bapa, hauna manyoya na harufu ni safi, hiyo ni aina ya hamira ya porini. Uengue, koroga, endelea. Ukiwa na shaka, mwaga. Ndoo moja ya nafaka haizidi thamani ya kuku.

Swali: Je, naweza kuchachusha chakula kamili cha unga badala ya punje?
Jibu: Ndiyo, na kwa kuku wa mayai ndiyo njia ninayoipenda zaidi, kwa kuwa protini na kalisi zimo. Kilo moja ya unga kwa lita moja na robo ya maji, uwe kama ugali laini. Siku mbili zinatosha penye joto. Chakula kilichochanganywa dawa usikichachushe bila kumuuliza daktari wa mifugo.

Swali: Yangu inanuka pombe. Kuku watalewa?
Jibu: Hamira imewazidi nguvu bakteria, mara nyingi kwa sababu ya kukaa muda mrefu mno. Usiwape hiyo. Anza upya, punguza siku, na tia maji ya ndoo iliyochachuka vizuri tangu mwanzo.

Swali: Samahani mwalimu, vifaranga nao?
Jibu: Wape chakula chao cha vifaranga kilichochachushwa, siyo punje nzima. Kiwe chepechepe cha kumumunyika, kisiwe uji, maana wataukanyaga, walowe na kupata baridi. Wape kidogokidogo mara nyingi, na maji safi yawepo daima.

Swali: Tangu nianze, kuku wangu hawanywi maji kama zamani. Wanaumwa?
Jibu: Chakula chenyewe kimebeba maji, ndiyo sababu. Angalia macho, kinyesi na hamu ya kula. Vikiwa sawa usihofu.