Kumtoa marehemu kwenye picha ya harusi

Picha ninayoletewa mara nyingi kuliko zote hapa studio kwangu Morogoro ni ya marehemu. Familia inafika jioni, mazishi ni kesho, na picha nzuri pekee ya mzee ni ya harusini: kasimama kati ya watu, nyuma mapazia ya buluu, bega la jirani limemgusa mkono. Wanamtaka peke yake, kwenye fremu ya kuweka mbele ya jeneza. Kazi hii naifanya kwa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha kwenye kompyuta.

Omba picha ya asili. Ikibidi itumwe kwa WhatsApp, itumwe kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, na nywele ndizo zinazoharibika kwanza. Fremu ya inchi 8 kwa 10 inapendeza ukiwa na pikseli 2400 kwa 3000.

Fungua picha, nakili leya (tabaka la picha) kwa Shift+Ctrl+D, ya chini uifiche bila kuigusa. Kuza hadi asilimia 200, bonyeza B upate kalamu ya kuchora njia, yaani mstari wa kumzunguka mzee. Anzia kwenye koti, ambako ukingo unaonekana vizuri. Ukibofya unaacha nukta. Ukibofya na kuvuta, mstari unapinda. Weka nukta pale tu ukingo unapogeuka. Sikio zima nukta 5 au 6 zinatosha. Wanaoanza huweka 20, sikio likatoka na meno ya msumeno. Pita ndani ya ukingo kwa pikseli 1 au 2, maana pale pembeni kabisa buluu ya pazia imeshaingia kwenye koti. Ukirudi ulikoanzia, shika Ctrl, bofya nukta ya kwanza, halafu Enter. Eneo limeshachaguliwa, lainisha ukingo wake kwa pikseli 1.

Sasa, kifutio kiache kabisa. Ulichofuta ukishafunga faili hakirudi. Bofya leya kwa kitufe cha kulia, ongeza maski, yaani kifuniko kinachoficha bila kufuta, inayotokana na eneo ulilochagua. Kwenye maski, rangi nyeusi inaficha na nyeupe inarudisha. Herufi X inabadilishanisha hizo mbili, kwa hiyo umekosea, unapaka tena.

Kwenye nywele ndipo ninapokaa muda mrefu. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanatumia nywele ndefu zilizonyooka zinazopeperuka. Nywele zetu za kipilipili zikikatwa kwa mstari mmoja laini, mzee anaonekana kavaa kofia ya plastiki. Kwa hiyo njia yangu kichwani naipitisha ndani kidogo ya nywele, kisha narudi kwenye maski na brashi ndogo yenye chembechembe, rangi nyeupe, nagusagusa kuelekea nje mpaka ule ukingo wa vipilipili urudi. Nagusa tu, sivuti. Kama ana mvi, buluu ya pazia itajitokeza katikati yake. Toka kwenye maski, rudi kwenye picha yenyewe, weka brashi kwenye hali ya kubadili rangi peke yake, chukua rangi kutoka kwenye mvi safi za katikati ya kichwa, upake pale penye buluu. Mwanga na kivuli cha nywele vitabaki kama vilivyo.

Zipo simu zinazokata picha kwa mguso mmoja. Kwa nguo za kuuza sina neno. Lakini nimeshaona zikila ncha ya sikio, na mtoto wa marehemu ataliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mkono uliofunikwa na bega la jirani siubuni. Nakata fremu juu yake, kifuani.

Weka leya nyeupe chini uangalie kingo, kisha nyeusi. Kasoro iliyojificha kwenye moja itaonekana kwenye nyingine. Ndipo uweke rangi ya mwisho. Mimi hupenda kijivu chenye joto, upande wenye mwanga zaidi ukiwa uleule uliomulika uso wake.

Ya kuchapa toa kwa JPEG. Kama fundi wa fulana anamtaka mzee bila chochote nyuma, mpe PNG, maana JPEG haishiki uwazi. Faili ya XCF, ambayo ni ya GIMP yenyewe, yenye leya zote itunze: siku ya arobaini familia hurudi kuomba picha ileile kwa rangi nyingine.