Kuchunguza Figo Iliyopandikizwa kwa Ultrasaundi ya Viputo

Mgonjwa aliyepandikizwa figo anaporudi kwetu Mombasa na kreatinini yake, yaani taka ya damuni ambayo figo huichuja, imeanza kupanda, daktari hutaka kujua kwanza kama damu inafika kila pembe ya figo ile. Dopla ya rangi, yaani ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, huonyesha vizuri mishipa mikubwa, lakini damu inayokwenda polepole ukingoni huiponyoka, na hapo ndipo viputo vidogo vya gesi ya salfa heksafluoridi, vinavyodungwa mshipani ili damu ing'ae kwenye picha, vinapofaa. Viputo hivyo havitoki nje ya mishipa ya damu, gesi yake hutoka kwa pumzi, wala havidhuru figo.

Kabla ya yote, mwombe mgonjwa aende haja ndogo. Mama aliyengoja sana feri ya Likoni hupanda kitandani kibofu kimejaa, na njia za mkojo zikionekana zimepanuka utadhani pana kizuizi. Muulize pia kuhusu mzio na maradhi makali ya moyo au mapafu, na dawa za dharura ziwe karibu.

Itafute figo sehemu ya chini ya tumbo, upande mmoja, kwa picha ya kawaida na Dopla. Weka kanula (mrija mwembamba wa kuingiza dawa mshipani) iliyo pana mkononi, kwa kuwa sindano nyembamba hupasua viputo. Itikise dawa ya viputo kwa sekunde 20 hadi iwe nyeupe kama maziwa, kisha punguza nguvu ya mawimbi hadi MI (kipimo cha nguvu hiyo) kwenye kioo isizidi 0.1. Kwa mtu mzima, mililita 1.2 hadi 2.4 hutosha kwa kawaida, zikifuatwa papo hapo na maji ya chumvi.

Tuliza mkono na urekodi dakika nzima ya kwanza, kwa maana wimbi lile la kwanza la viputo likishapita halirudi bila sindano nyingine. Gamba la figo, yaani tabaka lake la nje, hung'aa baada ya sekunde 10 hadi 15, na sehemu ya ndani hufuata taratibu. Pembetatu nyeusi iliyoweka kitako ukingoni ni sehemu iliyokufa kwa kukosa damu. Ukanda mweusi kwenye gamba lote, huku ndani kukiwa kumeng'aa, ni gamba lililokufa. Na figo nzima ikibaki giza, mpigie simu daktari wa upasuaji kabla hujaandika ripoti. Njia za mkojo kubaki nyeusi si kasoro, kwa sababu viputo haviingii kwenye mkojo.

Mwili ukishukiwa kuikataa figo, kipimo hiki peke yake hakithibitishi, na kipande cha nyama ya figo bado kitahitajika maabara. Mwangalie mgonjwa kwa dakika 30, kanula ikiwa bado mkononi, ndipo umruhusu aende.