Mtoto wa Mwaka 1 Hadi 3 Hafuati Maelekezo: Kinachomshinda, na Namna ya Kumwagiza

Unamwambia mtoto wa miaka 2 "usimwage maji", naye anamwaga papo hapo huku anakutazama usoni. Ni rahisi kuamini kwamba amekusudia. Mara nyingi hakukusudia: mkono ulikuwa umeshainamisha kikombe, sikio limedaka neno "mwaga", na uwezo wa kuuzuia mkono uliokwisha kuanza safari bado ni mchanga kabisa. Kazi hiyo ya kujizuia hufanywa na sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20.

Alexander Luria, mwanasaikolojia wa Kisovieti, aliliona jambo hili kwa mchezo mwepesi tu. Mtoto mdogo anayevisha pete kwenye kijiti akiambiwa azitoe, huendelea kuzivisha, pengine kwa bidii zaidi. Maneno ya mtu mzima yanamchochea azidishe lile lililo mkononi, kumgeuza hayawezi. Ndiyo maana agizo la kuanza jambo hufanikiwa mapema kuliko agizo la kuacha jambo, na karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na tofauti hiyo.

Anaweza nini, kwa umri gani

Orodha ya hatua za ukuaji ya CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, iliyorekebishwa mwaka 2022, huweka kila hatua kwenye umri ambao asilimia 75 au zaidi ya watoto wameshaifikia. Kwa miezi 15, mtoto hufuata agizo lenye maneno na ishara pamoja: unanyoosha mkono huku unasema "nipe". Kwa miezi 18 hufuata agizo la hatua moja bila ishara yoyote. Agizo la hatua mbili, kama "weka mdoli chini, ufunge mlango", linakuja kwenye miezi 30.

Sasa pima maagizo ya asubuhi ya kawaida: "Vua nguo za kulalia, kaziweke kwenye kapu, kisha uje na viatu." Hizo ni hatua tatu, na ndani yake kuna safari mbili. Mtoto wa miaka 2 atashika kipande kimoja, mara nyingi cha mwisho, na atakuja na kiatu kimoja akiwa bado na nguo za kulalia. Kwa hesabu yake ametii.

Mtego wa "usi-"

Kiswahili kinamwongezea mtoto mzigo mdogo ambao wazazi wengi hawaufikirii. Katika "usimwage", "usiguse" na "usikimbie", mkazo wa sauti unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yaani kwenye kitenzi chenyewe: mwa, gu, mbi. Katazo lote limebebwa na "usi-", vijisilabi viwili vinavyopita haraka mwanzoni, wakati mtoto bado hajageuza kichwa. Hata akizisikia, ana kazi mbili: kulifikiria tendo, kisha kulipindua. Badala yake taja tendo unalolitaka:

- "Usikimbie" iwe "tembea polepole".
- "Usimwage" iwe "shika kwa mikono miwili".
- "Usipige kelele" iwe "nong'ona", nawe unong'one.
- "Usimvute paka mkia" iwe "mpapase mgongoni", ukiuongoza mkono wake.

"Acha!" peke yake ina kasoro hiyohiyo. Inaondoa tendo na kuacha pengo, na pengo hilo hujazwa na tendo lilelile.

Mpangilio wa sentensi nao una lake. "Kabla ya kula, nawa mikono" humfikishia neno "kula" kwanza, naye anaelekea kwenye chakula. Sema kwa mfuatano wa matukio yenyewe: "Nawa mikono. Halafu tule." Maneno kama "baadaye" na "kesho", pamoja na dakika za kuhesabu, bado hayana maana iliyotulia kwake.

Kumwagiza, hatua kwa hatua

Kwanza ondoka ulipo. Agizo linalotoka chumba kingine karibu halihesabiki. Hadi karibu miaka 3, mtoto aliyezama katika mchezo hawezi kucheza na kusikiliza kwa wakati mmoja. Inabidi aache kimoja, na kuacha ndiko kunakomshinda. Sogea hadi mkono wako unamfikia, chuchumaa, zima televisheni kama inaunguruma. Mwite jina, umguse begani, usubiri akugeukie. Usimshike kidevu kumlazimisha akutazame. Kutulia kwa mikono yake ni ishara tosha.

Kisha toa tendo moja kwa maneno mawili hadi manne: "Weka kikombe mezani." Usilifanye swali. "Tukaoge, sawa?" ni swali la haki, na "hapana" ni jibu la haki. Kama kuoga si hiari, mpe hiari iliyo ndani ya kuoga: "Unaingia na bata au na mashua?" Vitu viwili vinatosha, na uvionyeshe.

Hapo nyamaza. Hesabu moyoni hadi 10. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu mengi. Mtu mzima huona ukimya wa sekunde tatu kuwa ukaidi, akarudia kwa maneno mengine: "Weka kikombe… nimekwambia kiweke pale… hebu kirudishe hicho." Kwa mtoto hayo ni maagizo matatu mapya, na kila moja linamrudisha mwanzo kabla hajamaliza kulichambua la kwanza.

Ikipita 10 bila kitu, rudia mara moja tu, kwa maneno yaleyale, sasa ukionyesha meza kwa kidole. Ikishindikana, msaidie kwa mkono: weka mkono wako juu ya wake, kikombe kifike mezani, useme "umeweka kikombe mezani". Hujashindwa hapo, mwili wake umejifunza maneno hayo yanaishia wapi. Kurudia mara saba ukipandisha sauti humfundisha kwamba mara sita za kwanza hazikuwa na maana. Na kelele yenyewe humtia hofu, na mtoto mwenye hofu husikiliza vibaya zaidi.

Kumtoa kwenye mchezo

Hapa ndipo vilio vingi huanzia. "Dakika tano zimebaki" haimwambii kitu. Mpe kipimo anachokiona: "Teleza mara mbili, halafu twende." Hesabu naye kwa sauti, na mara ya pili ikiisha muondoke kweli. Ukiongeza ya tatu kwa huruma, kesho hesabu yako haitakuwa na uzito. Ni heri pia aondoke akielekea kwenye jambo, kama kubeba funguo au kufungua geti.

Njaa na usingizi hupunguza kila uwezo uliotajwa hapo juu. Mtoto aliyefuata agizo vizuri asubuhi anaweza kulishindwa lilelile jioni, wala hakuna cha kurekebisha hapo zaidi ya kumlisha au kumlaza.

Pale penye hatari

Maagizo si ulinzi. Mtoto wa umri huu anaweza kuitamka kanuni, "moto unaunguza", na bado mkono ukaenda, kwa sababu kuijua kanuni hutangulia kuweza kuitumia. Jiko, dawa, ndoo ya maji na barabara vinalindwa kwa kizuizi, kitasa, rafu ya juu na mkono wako. Tenga neno moja, mfano "simama!", kwa hatari tu, na ulifanyie mazoezi kama mchezo: tembeeni, sema neno, wote mgande. Hata hivyo, siku ya hatari yenyewe, neno na miguu yako vitoke pamoja.

Wakati wa kumpeleka akapimwe

Mpeleke akitimiza miezi 18 bila kufuata agizo moja rahisi lisilo na ishara, au kama haitiki jina lake, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, katika umri wowote. Aanze na kipimo cha masikio. Majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio ni ya kawaida kwa watoto wadogo, hasa baada ya mafua, na yanaweza kukaa wiki kadhaa bila maumivu wala homa. Usikivu hupanda na kushuka, hivyo jumatatu anaitika na alhamisi haitiki, nyumba nzima ikiamini ni jeuri. Kumwita kwa nguvu nyumbani na kuona amegeuka hakutoshi kuondoa shaka, maana anaweza kusikia mlio mkubwa na bado akakosa sauti ndogo za maneno.