Somo: Kutazama vipindi vya Ubelgiji ukiwa Lubumbashi kwa kupitia nyumba ya ndugu yako

Watu wengi hapa Lubumbashi hukodi seva ndogo huko Ulaya, wakaweka VPN (handaki la siri linalopitisha intaneti yako kwenye mashine nyingine) juu yake kwa uangalifu wote, kisha televisheni ikaendelea kuwaambia kwamba kipindi hakipatikani katika nchi yao. VPN yenyewe haina kosa. Anwani ya IP ya seva ya kukodi imeandikishwa kwa jina la kampuni ya kituo cha data, na huduma za video zina orodha za anwani za namna hiyo, ambazo huzifunga kwa mkupuo. Kwa sababu hiyo somo hili linafuata njia nyingine: seva inawekwa nyumbani kwa ndugu anayeishi Ubelgiji, nawe unatokea kwenye intaneti yake ya kawaida, ambayo haina tofauti na ya jirani zake.

Mipaka hii inatokana na biashara ya haki. Haki za kuonyesha mechi au filamu huuzwa nchi kwa nchi, na RTBF, shirika la utangazaji la Ubelgiji la lugha ya Kifaransa, inaponunua haki kwa ajili ya Ubelgiji, Auvio, huduma yake ya video mtandaoni, hulazimika kuwafungia walio nje. Hata kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2017/1128, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2018 na kumruhusu mteja anayelipia huduma kuitumia akiwa safarini, inahusu safari za ndani ya Umoja huo tu, Kongo haimo. Kabla ya kuanza, soma masharti ya huduma unayoitaka, kwa kuwa nyingi hukataza njia hii na zinaweza kuifunga akaunti. Zaidi ya hayo, kila utakachokifanya mtandaoni kitaonekana kimefanywa nyumbani kwa ndugu yako, kwa hiyo mwombe ruhusa badala ya kumpa taarifa, na usiwauzie majirani nafasi katika handaki hilo.

Hatua ya kwanza ni kupima kasi, na hapa ndipo wengi hupima upande usiohusika. Kasi ya kupandisha ya nyumba ya Ubelgiji ndiyo itakayokuwa kasi yako ya kushusha, hata kama ndugu yako anajivunia mamia ya megabiti za kushusha. Netflix, kwa mfano, inapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p. Pima pia mfuko: saa moja ya HD inaweza kula hadi GB 3 za forfe (kifurushi) yako, na WireGuard, programu ya VPN tutakayoitumia, huongeza kama asilimia 4 juu yake. Mimi ningeanza na ubora wa chini, hasa kwenye simu, ambapo jicho halitofautishi sana.

Hatua ya pili ni mashine. Raspberry Pi au kompyuta ya zamani yenye Debian au Ubuntu inatosha, kwa kuwa WireGuard imo ndani ya Linux tangu toleo 5.6 la mwaka 2020. Ikiwa ndugu yako ana ruta ya FRITZ!Box yenye FRITZ!OS 7.50 au zaidi, WireGuard imo tayari kwenye ruta, na unaweza kuruka sehemu hii yote. Vinginevyo, aandike:

sudo apt install wireguard
umask 077
wg genkey | tee siri.key | wg pubkey > wazi.key

Kisha atengeneze faili /etc/wireguard/wg0.conf (ufunguo wa wazi wa simu utamtumia katika hatua ya nne):

[Interface]
Address = 10.8.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = UFUNGUO_WA_SIRI_WA_SEVA
PostUp = sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
PostUp = iptables -t nat -A POSTROUTING -o eth0 -j MASQUERADE
PostDown = iptables -t nat -D POSTROUTING -o eth0 -j MASQUERADE

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_WAZI_WA_SIMU
AllowedIPs = 10.8.0.2/32

Mahali pa eth0 paandikwe jina halisi la kadi ya mtandao, ambalo amri ya ip route huonyesha kwenye mstari unaoanza na default. Kuiwasha ni sudo systemctl enable --now wg-quick@wg0.

Hatua ya tatu: kwenye ruta, poti 51820 ya UDP ielekezwe kwenye mashine hiyo. Kwa kuwa anwani ya nyumbani hubadilika, DuckDNS hutoa bure jina litakaloifuata. Ruta ikionyesha anwani ya nje iliyo kati ya 100.64 na 100.127, basi kampuni ya intaneti inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kuielekeza poti hakutasaidia mpaka aombe anwani yake mwenyewe.

Hatua ya nne inafanyika huku kwetu. Weka programu ya WireGuard, iache itengeneze funguo ndani ya simu, kisha mtumie ndugu yako ufunguo wa wazi peke yake. Huo unaweza kupita WhatsApp bila hofu. Ule wa siri hautoki kwenye simu.

[Interface]
PrivateKey = UFUNGUO_WA_SIRI_WA_SIMU
Address = 10.8.0.2/32
DNS = 1.1.1.1
MTU = 1280

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_WAZI_WA_SEVA
Endpoint = JINA_LAKO.duckdns.org:51820
AllowedIPs = 0.0.0.0/0, ::/0
PersistentKeepalive = 25

Usiiondoe ile ::/0, kwani simu yenye IPv6 (anwani za intaneti za aina mpya) inaweza kuisaliti nchi uliko kwa kupita nje ya handaki. MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data) ya kawaida ya WireGuard ni 1420, lakini kwenye mitandao ya simu 1280 huondoa tatizo la kurasa kufunguka huku video ikiganda.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Katuba: Papa mwalimu, simu yangu inaonyesha Ubelgiji, lakini nikiwasha hotspot, televisheni bado inaonyesha Kongo.

Jibu: Kwenye Android, kwa kawaida, data ya hotspot haipiti ndani ya VPN ya simu. Weka WireGuard kwenye televisheni yenyewe ikiwa ni Android TV, uipe funguo zake na anwani 10.8.0.3, au tumia ruta yenye OpenWrt, mfumo huru wa ruta unaoweza kuendesha WireGuard.

Mwanachama wa Ruashi: Je, Netflix yangu itaonyesha filamu za Ubelgiji?

Jibu: Usijenge handaki kwa ajili hiyo, mama. Netflix ikitambua VPN inaweza kukuonyesha tu kazi ambazo ina haki nazo dunia nzima. Isitoshe, mpango wake wenye matangazo hauruhusu VPN kabisa.

Mwanachama wa Kamalondo: Nimekwisha kulipia seva ya kukodi kwa mwaka mzima. Niitupe?

Jibu: Hapana, yaya. Bado inakulinda kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya uwanja wa ndege, na zipo tovuti zinazoangalia nchi tu bila kuangalia aina ya anwani. Ijaribu kwa ile unayoitaka kabla ya kumsumbua mtu.

Mwanachama wa Kampemba: Umeme wa SNEL ulikatika usiku, tangu asubuhi kompyuta ya mezani haiungani, ilhali simu inaungana vizuri.

Jibu: Tazama saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha, kila umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na seva ya WireGuard hukataa salamu yenye wakati wa nyuma kuliko ile ya mwisho iliyoipokea, bila kukujibu neno. Rekebisha saa kwanza, halafu andika sudo wg show kwenye seva. Mstari wa latest handshake (salamu ya mwisho) ukitokea chini ya ufunguo wa kompyuta hiyo na sekunde chache tu, mmeungana. Betri yenyewe mara nyingi ni CR2032, ibadilishe.