Namna ya kulielewa neno "underadjust" bila kuumwa kichwa

Nimeandika hii baada ya kukaa na dogo mmoja hapa Moshi, mpishi wa mlimani anayesoma Kiingereza ili awe mwongoza watalii, neno moja lilitutesa toka saa nane mpaka giza linaingia.

Hatua ya 1. Jua adjust. Ni kurekebisha, twende.

Hatua ya 2. Hapa ndo tulikwama. Apu ya kutafsiri ilimwambia under ni "chini ya", kwa hiyo "the chain was underadjusted" akaandika "cheni ilikuwa chini ya marekebisho", yaani kama bado iko kwa fundi. Hapana! Under ikigandana na kitenzi mara nyingi inaleta upungufu: undercook unapika kitu kinabaki kibichi kibichi, underpay unalipa pungufu. Ila understand na undergo hazimo humo, usizilazimishe. Na ukikuta imeandikwa "under adjustment", maneno mawili, hapo kweli kitu kinarekebishwa, ndo maana mimi underadjust naiandika neno moja, kistari sikitaki. Tukadhani tumemaliza, kumbe kichwani kwake maana yake ni kutorekebisha kabisa. Siyo, lazima uwe umegusa. Nikamtoa nje kwenye pikipiki yake cheni imelegea, nikamwambia vuta kidogo, akazungusha nati robo, cheni bado inaning'inia. Nikamwambia hiyo sasa ndo underadjust, umevuta ila haijafika.

Hatua ya 3. Sababu ya kurekebisha inakuja baada ya for. "I underadjusted the cooking time for the altitude." Hii aliielewa chap maana ni kazi yake: altitude ni mwinuko, na Horombo, kambi ya Kilimanjaro, iko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kabla ya digrii 90, ukiongeza dakika mbili tu kwenye muda wa wali wa nyumbani wageni watatafuna mchele.

Hatua ya 4. Ukilikuta kwenye saikolojia usishtuke. Wanasaikolojia Tversky na Kahneman mwaka 1974 walieleza kwamba mtu akishatajiwa namba ya kuanzia, hasogei mbali nayo vya kutosha. Nenda Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, muuzaji anataja elfu 40 kwa jaketi la mtumba, unashusha mpaka 30 unajiona mjanja, kumbe 15 angekupa.

Ukiongea na mgeni sema tu "I didn't adjust enough", underadjust iache kwenye maandishi.