Maji kwenye zulia, upepo wa moto: kupima dirisha la paa na kiyoyozi cha gari la zamani

Usinunue kipuri chochote kabla ya kumaliza vipimo hivi, maana vingi havihitaji zaidi ya maji, tochi na msaidizi mmoja.

Hatua ya 1: Maji yanatoka wapi? Siku isiyo na mvua, washa kiyoyozi kwa dakika 20 hivi, kisha chungulia uvunguni mwa gari. Hewa ikiwa na unyevu, maji safi yanapaswa kudondoka karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Yasipodondoka, na zulia la mbele likalowa, mpira wa kutolea maji ya evapureta (sehemu ya kiyoyozi inayopoza hewa) umeziba. Maji yanayoteleza na yenye harufu tamu ni ya kupozea injini, na yametoka kwenye rejeta ndogo ya hita.

Hatua ya 2: Mirija ya dirisha la paa. Wengi hukimbilia kubadilisha mpira wa sanrufu, yaani dirisha hilo la paa, ilhali mpira huo haukuundwa kuzuia maji yote. Yanayopenya hupokelewa na mfereji unaozunguka fremu, kisha mirija ya pembeni, ambayo kwa kawaida ni minne, huyashusha kupitia ndani ya nguzo za gari. Fungua kioo, mimina maji kidogo katika kila pembe kwa zamu, na msaidizi atazame kama yanatoka chini. Pembe ambayo maji yanatuama ndiyo iliyoziba. Izibue kwa kusukuma taratibu uzi mnene wa nailoni. Nakusihi usitumie pampu ya upepo, kwani mrija uliokakamaa kwa uzee huchomoka ndani ya nguzo, na kuanzia hapo maji yatamwagika mahali usipopaona.

Hatua ya 3: Kioo kisichosogea. Kagua fyuzi, kisha bonyeza swichi na usikilize. Mota ikiunguruma bila kioo kusogea, shida iko kwenye kebo au reli. Ikiwa kimya ilhali umeme unafika kwenye soketi yake, mota imekufa.

Hatua ya 4: Kiyoyozi kisichopoza. Feni inayozunguka kwa kasi ya juu peke yake huashiria rizista (kifaa kinachopunguza kasi ya feni) iliyoungua, na upepo hafifu mara nyingi ni filta chafu. Upepo ukiwa mwingi lakini wa moto, tazama uso wa kompresa, yaani pampu ya gesi ya kupozea inayozungushwa na mkanda wa injini: sahani ya klachi inapaswa kunasa na kuzunguka pamoja na puli. Isiponasa, zima injini, iache ipoe, usome aina ya gesi kwenye lebo iliyo chini ya boneti, kisha pima shinikizo. Mfumo wa R-134a (aina mojawapo ya gesi hiyo) katika nyuzijoto 25 husoma takriban psi 80 za shinikizo. Kipimo kikiwa chini mno, gesi imevuja na swichi ya shinikizo inaikata klachi ili kuilinda kompresa. Lakini kikiwa sawa hakithibitishi kwamba gesi imejaa, kwa sababu shinikizo halibadiliki maadamu kuna gesi ya kimiminika iliyobaki ndani.

Gesi haiishi kwa kutumika, kwa hiyo usikubali kujaziwa kabla uvujaji haujapatikana. Mulika viungio na uso wa kondensa (rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele ya gari) ukitafuta doa la mafuta lililoshika vumbi. Baada ya ukarabati, fundi auvute mfumo kwa pampu ya vakyumu, aifunge, na kuhakikisha mshale wa geji haupandi kabla ya kuweka gesi mpya.